Nyama ya Bucha au Nyama ya Pakiti?



Wako watu wasemao ya kuwa siku za bucha zimekwisha. Husema kwamba mtu mstaarabu hanunui tena nyama iliyoning'inizwa kwenye kulabu mbele ya macho ya wapita njia, bali hununua nyama iliyokatwa kiwandani, ikafungwa kwa nailoni, ikabandikwa karatasi yenye uzito na tarehe, na kulazwa katika jokofu la duka kubwa. Zamani maneno hayo yalikuwa ya Dar es Salaam na Mwanza. Sasa yamefika hata kwetu Tarime na Mugumu, na wako wazazi wanaoshauri ya kuwa shule za bweni nazo ziache kununua nyama kwa wenye bucha, zinunue maboksi ya nyama iliyogandishwa.

Jambo hili si dogo. Sisi tulalao bwenini hatuchagui nyama tunayokula. Huchaguliwa na wakubwa, nasi huikuta sahanini. Tena wengi wetu tumenunuliwa sare, madaftari na godoro kwa fedha ya ng'ombe aliyeuzwa mnadani. Basi swali hili latugusa pande mbili, upande wa sahani na upande wa zizi. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu niseme niliyo nayo. Shauri langu ni moja: tusiliache bucha, bali tulitengeneze.

Kwanza yafaa tuwape haki yao hao wapendao pakiti, maana mambo matatu wanayosema ni kweli. La kwanza ni baridi. Tumefundishwa katika somo la Biolojia ya kuwa bakteria hupenda joto, na kwamba wakipata joto linalowafaa baadhi yao huongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Nyama iliyowekwa katika nyuzi 0 mpaka 4 za Selsiasi huharibika polepole, na iliyogandishwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri hukaa miezi mingi. La pili ni usafi. Nyama iliyofungwa haitulii nzi wala haiguswi na mikono ya kila apitaye. La tatu ni maandishi. Pakiti husema imefungwa lini, imefungwa na nani, na ina uzito gani. Bucha lisilosema lolote kati ya hayo lina deni kwa wanunuzi wake, nami nitalidai deni hilo hapo mbele.

Sasa tulitazame bucha lenyewe kama liendeshwavyo likiendeshwa sawasawa. Ng'ombe huchinjwa machinjioni usiku wa manane au alfajiri. Mkaguzi wa nyama anatakiwa amtazame mnyama akiwa hai, aone kama anatembea vizuri na kama hana homa. Akisha kuchinjwa na kuchunwa, mkaguzi hutazama mapafu, ini, moyo na figo, hupasua mitoki kutafuta kifua kikuu, na hukata misuli ya taya kutafuta malengelenge ya tegu. Akiridhika hupiga mhuri. Asubuhi nyama iko kwenye kulabu, na katika bucha lenye wateja, ifikapo jioni imebaki mifupa. Bucha la namna hii halishindani na bakteria kwa baridi. Hushindana nao kwa haraka.

Na tukumbuke ya kuwa ugonjwa wa mnyama huzuiwa hapo machinjioni, kabla nyama haijajulikana kama itakwenda kwenye kulabu au kwenye nailoni. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliua watu zaidi ya 100 katika nchi yetu. Ugonjwa huo huwapata watu hasa kwa kushika damu na viungo vya mnyama mgonjwa, na kwa kuumwa na mbu. Hakuna nailoni duniani iwezayo kuuondoa ugonjwa ulioingia na mnyama mwenyewe. Aondoaye ni mkaguzi mwenye kisu, macho mazuri, na moyo usionunulika. Basi mtu aulizapo kama nyama ni salama, swali la kwanza si "Imefungwaje?" bali ni "Nani aliikagua?"

Tuje kwa mnunuzi. Mama akifika bucha husema, "Nikatie hapo pajani, mwanangu, punguza mfupa, niongezee mafuta kidogo," naye hutazama kisu kinapita wapi na mshale wa mizani unasimama wapi. Akiwa na fedha ya robo kilo hupimiwa robo. Akitaka kongoro la supu, au utumbo, au ini kwa ajili ya mtoto aliyepungukiwa damu, hupata. Nyama ikiwa mbaya, kesho yake atarudi na mtaa mzima utajua. Duka la pakiti halina robo ya mama huyu. Lina pakiti ya kilo au ya nusu kilo, na asiye na bei yake hurudi nyumbani akapike mboga za majani. Si kwamba mboga ni mbaya, walakini ni vibaya mtu mwenye haja ya nyama kidogo kukosa kwa sababu nyama imefungwa nyingi.

Wengine watasema, "Lakini nyama ya pakiti ina rangi nzuri, nyekundu, ya kupendeza." Hapa yafaa tukumbuke Kemia yetu. Ndani ya nyama mna protini iitwayo mayoglobini. Nyama iliyokatwa sasa hivi huwa na rangi ya zambarau kwa ndani. Ikipata oksijeni kwa muda mfupi hugeuka nyekundu ya kung'aa. Ikikaa siku kadhaa huwa ya kahawia. Wenye viwanda wanajua habari hizi kuliko sisi. Wako wanaoijaza pakiti hewa yenye oksijeni nyingi, yapata asilimia 80, ili wekundu udumu. Huko Marekani inaruhusiwa hata kutia kiasi kidogo cha gesi ya kaboni monoksaidi kwa kazi hiyo hiyo, jambo ambalo Umoja wa Ulaya umelikataza. Sisemi kwamba nyama hiyo ni sumu. Nasema kwamba rangi ya pakiti si shahidi wa kutegemewa, na shahidi wa pili, yaani harufu, amefungiwa ndani. Mtu anunuaye namna hiyo ameuziwa mbuzi kwenye gunia, ila gunia lenyewe linaonyesha upande mmoja.

Pakiti nguvu yake ni baridi, na baridi nguvu yake ni umeme. Mwishoni mwa mwaka 2023 mpaka mwanzoni mwa mwaka 2024 nchi yetu ilikuwa katika mgao wa umeme, na kila mwenye jokofu anakumbuka alivyohangaika. Nyama ya bucha ikiharibika hujitangaza yenyewe: hunuka, huteleza, na nzi wa kijani huifuata. Nyama ya pakiti iliyoyeyuka usiku umeme ulipokatika, ikaganda tena asubuhi ulipowaka, haitangazi kitu. Tarehe iliyoandikwa juu yake ni ile ile. Karatasi haijui kwamba umeme ulikatika.

Tena karatasi yaweza kusema uongo kabisa. Mwezi wa Januari mwaka 2013 wakaguzi wa chakula wa Ireland walitangaza ya kuwa katika chapati za nyama zilizouzwa madukani kwa jina la nyama ya ng'ombe wamekuta nyama ya farasi. Katika sampuli moja ilifika asilimia 29. Uchunguzi ulipoenea, mambo kama hayo yakaonekana katika nchi nyingi za Ulaya, watu wenye maabara, sheria na majokofu kuliko sisi. Hakuna mnunuzi aliyegundua kwa macho, maana nyama ilikuwa imesagwa na kufungwa. Machinjioni farasi hawezi kujifanya ng'ombe.

Hasara ya pili ya kiwanda ni ukubwa wake. Bucha moja likichafuka, huugua mtaa mmoja. Kiwanda kimoja kikichafuka, huugua nchi. Afrika Kusini katika miaka ya 2017 na 2018 watu zaidi ya 1,000 waliugua ugonjwa wa listeria, na zaidi ya 200 wakafa, wakiwamo watoto wachanga. Chanzo kilikuwa nyama iliyosagwa, kupikwa na kufungwa kiwandani, ile waiitayo poloni, ambayo watu huila bila kuipika tena. Walakini nataka kuwa mwadilifu. Katika msiba huo huo, kujua nyama imetoka wapi ndiko kulikowasaidia wataalamu kukifikia kiwanda chenyewe na kuondoa bidhaa zake madukani. Hapo pakiti ilikuwa na jambo ambalo mabucha yetu hayana, yaani kumbukumbu. Na kitu chema, hata kikiwa cha mshindani wako, chafaa kuigwa.

Nisije nikadhaniwa kwamba nalipamba bucha. Nyama iliyo mbele ya macho nayo huweza kudanganya. Mwezi wa Julai mwaka 2019, hapo ng'ambo ya mpaka wetu wa Sirari, kituo cha televisheni cha NTV cha Kenya kilionyesha uchunguzi ya kuwa wako wauza nyama, hata katika maduka makubwa ya Nairobi, waliokuwa wakitia dawa ya sodiamu metabisalfaiti ili nyama ya zamani ionekane ya leo. Nyama hiyo haikuwa imefichwa. Ilikuwa wazi nyuma ya kioo, na muuzaji amevaa koti jeupe.

Na kwetu je? Tuseme kweli. Yako mabucha ambayo gogo la kukatia limeoza katikati, na shoka huingia na kutoka na vipande vya mti. Yako ambayo hayana wavu wala kioo, na vumbi la barabara huingia bila hodi. Wako wauzaji ambao mkono upokeao fedha ndio ukatao nyama, na kitambaa kipangusacho kisu ndicho kipangusacho jasho. Iko mizani iliyogeuziwa ukuta ili mteja asione. Tena katika vijiji vilivyo karibu na Hifadhi ya Serengeti iko nyama isiyo na bucha wala pakiti: nyama ya nyumbu au ya swala iliyowindwa kwa waya, iuzwayo usiku, mfukoni, kwa minong'ono. Nyama hiyo haikukaguliwa na mtu, nayo huwapeleka watu gerezani. Kanuni za mwaka 2020 zimeruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni, basi hana udhuru auzaye gizani. Mambo hayo yote ni aibu yetu, wala hayataondoka kwa kuyafumbia macho. Lakini nyumba ikivuja huzibwa paa. Haivunjwi kwa sababu jirani ana hema jipya.

Sasa nataka kusema juu ya fedha, maana wazazi wetu wanasoma gazeti hili. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye ng'ombe wengi kabisa. Wilaya zetu za Tarime na Serengeti ni za wafugaji, na ng'ombe wengi wa kwetu huvuka Sirari kwenda kuliwa Kenya. Shilingi inayolipwa bucha haiendi mbali. Humfikia mfugaji, mchinjaji, mchunaji, mwenye toroli, mnunuzi wa ngozi, na mama auzaye supu stendi. Shilingi inayolipwa kwa boksi la nyama kutoka mbali hupanda basi jioni ile ile, haijalala hapa hata usiku mmoja. Je, si ajabu mtoto wa mfugaji wa Nyamwaga au Natta kula nyama iliyosafiri kilomita mamia, hali ng'ombe wa baba yake anasafirishwa kwenda upande mwingine? Ndiyo maana ya kusema penye miti hapana wajenzi.

Tena maduka makubwa huja na kuondoka. Nakumatt ilichukua maduka ya Shoprite nchini mwaka 2014, kisha yenyewe ikafilisika miaka michache baadaye. Uchumi ilifunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015. Hata kiwanda chetu cha Tanganyika Packers kilichokuwa Kawe, kilichofunga nyama ya ng'ombe wetu katika makopo na kuipeleka ng'ambo, kilikufa, na leo jina lake limebaki kuwa la viwanja vya mikutano. Sisemi hayo kwa kufurahia. Napenda sana nchi yetu iwe na viwanda vya nyama vilivyo hai, tuuze kwa wageni na kwa hoteli za watalii zilizomo hifadhini. Walakini wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Wakati maduka hayo yalipofungwa, mabucha yaliendelea kuuza.

Liko na jambo la takataka. Tarehe 1 Juni 2019 Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, nasi tumeona mitaro ya miji yetu ilivyopata nafuu. Vifungashio vya vyakula vya viwandani havikuguswa na katazo hilo. Basi kila pakiti ya nyama itaacha nailoni na kisahani chake, ambavyo havitaoza. Mtu aendaye bucha na bakuli lake lenye mfuniko hurudi na bakuli, hulikosha, na habari imekwisha.

Baada ya kulaumu sana, yafaa nitoe mashauri, maana kulaumu peke yake si kazi. Nayatoa manne.

La kwanza, kila bucha liwe na ubao mweusi mlangoni, ulioandikwa kwa chaki kila asubuhi: mnyama alitoka kijiji gani, alichinjwa machinjio gani, tarehe gani, na alikaguliwa na nani. Chaki ni rahisi kuliko jokofu. Kwa ubao huo bucha litakuwa limechukua jambo lililo bora katika pakiti bila kuchukua nailoni yake. Akiugua mtu, itajulikana pa kuanzia.

La pili, paja lenye mhuri likatwe mwisho. Mwenye bucha aanze kuuza sehemu nyingine, na mhuri ubaki unaonekana mpaka jioni. Nasi wanunuzi tuzoee kuuliza, "Mhuri uko wapi, kaka?" Muulizaji asionekane mkorofi. Muuzaji mwaminifu hufurahi kuulizwa, kwa kuwa jibu lake ndilo tangazo lake.

La tatu, Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, ambayo kwayo Bodi ya Nyama iliundwa, isibaki makabatini. Halmashauri zetu zisimamie kioo au wavu, vigae ukutani, maji ya bomba, na msumeno badala ya gogo na shoka. Mizani igeuzwe kwa mteja, na alama ya Wakala wa Vipimo ionekane. Mwenye bucha asiyekuwa na mtaji apewe muda na mkopo kabla ya kupewa kufuli, maana ukilifunga bucha lenye mhuri umemfungulia mlango auzaye usiku.

La nne ni la shule za bweni, na hili nawaomba walimu wetu walipokee kwa wema. Siku ya nyama, mzigo ufikapo jikoni, upokewe na mwalimu wa zamu pamoja na wanafunzi wawili wa kamati ya chakula. Waangalie mhuri, waipime nyama kwa mizani ya shule, waandike katika daftari saa iliyofika, uzito wake, na jina la bucha. Nyama ifike asubuhi na iingie sufuriani siku ile ile. Ikija bila mhuri irudishwe, hata kama wanafunzi 600 watakula maharage siku hiyo. Nadhani wanafunzi hatutanung'unika sana tukielezwa sababu, na mwenye bucha hatarudia.

Kazi hiyo ya daftari itatufundisha jambo ambalo pakiti haiwezi kutufundisha. Anunuaye pakiti hupewa imani iliyokwisha tengenezwa na mtu asiyemjua, na kazi yake ni kulipa. Anunuaye bucha hulazimika kutazama, kunusa, kuuliza, na kukataa. Baada ya miaka michache sisi wa Kidato cha Nne ndio tutakaokuwa maafisa mifugo, wakaguzi, wapishi, wenye bucha, madiwani na wazazi. Tukizoea tangu sasa kuamini karatasi bila kuuliza, tutakuwa wakaguzi wapigao mihuri bila kutazama.

Basi wazazi wetu, msituletee maboksi. Tuleteeni bucha safi lenye ubao mlangoni, nasi tutasimama jikoni na daftari.